Mbwa Aliyeombwa na Marehemu

Jumatatu, 12 Mei

Leo wameleta mbwa. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Mume wangu Chirau alimwomba kwenye kituo cha kuokoa wanyama kabla hajafa. Alikuwa akikaribia kustaafu bandarini, ana mbuzi kwao Kwale, akataka mbwa wa kuchunga. Binti wa kituo, Joy, hakuwa na habari. Mzee yupo? akaniuliza. Nikamwambia amefariki. Akashika mdomo. Akauliza amrudishe? Nikasema mwache. Sijui kwa nini.

Jumanne, 13 Mei

Jina lake Jeki. Mweusi, kifua cheupe, wale wa Kizungu wa kuchunga kondoo. Hatulii! Tangu alfajiri azunguka ua — kisima, ngazi, mlango, kisima. Sufuria ikianguka ajificha chini ya ngazi, atetemeka. Joy alisema alifungwa mnyororo miaka na mwenyewe wa kwanza. Ataka kukimbia asubuhi na jioni. Nami niko eda, sitoki.

Nilimwangalia. Sikumwonea huruma. Sikuona chochote.

Alhamisi, 15 Mei

Kisomo cha kumwombea Chirau. Wifi yangu Mejumaa alipomwona Jeki akapiga kelele. "Wifi! Mbwa kwenye nyumba ya msiba?" Nikamwambia yuko uani tu, ndani haingii. Na ni mbwa wa kuchunga — kaka yako alimuuliza ustadhi, akaambiwa hana neno.

"Achunga nini hapa Kuze, katikati ya mji?"

Nikaingia ndani kwa wageni.

Wanawake walipotoka kuvaa viatu, Jeki akawazunguka wote, akawasukuma hadi ukutani, kisha akalala chini akiwakazia macho. Hakubweka hata kidogo. Bi mmoja alicheka hadi akakaa. Mejumaa hakucheka. Amesema mbuzi watauzwa, na Jeki atachukuliwa na kituo Jumatano. Sawa, nikasema.

Wakati wa kuaga wakanisifu eti nimejikaza. Sijajikaza. Hakuna cha kukaza.

Jumapili, 18 Mei

Saif wa duka la mkabala alijitolea kumtembeza. Jeki akagoma, akajibana sakafuni, kizingiti hakukivuka. Huyu aogopa ndia na magari yake, mama, Saif akasema.

Kala kidogo. Mimi pia.

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi muuza gesi aliangusha mtungi mlangoni pangu. Mlango wazi — Jeki huyo! Nikasikia honi za pikipiki, breki, mtu akitukana.

Nikatoka. Mimi! Buibui juu ya leso ya nyumbani, miguu mitupu, hadi Ndia Kuu. Nikaita Jeki! Jeki! Watu wakatoka madukani. Sijui ilibadilika wapi, lakini Saif aliponishika mkono nilikuwa naita Chirau. Chirau! Kwa sauti yangu yote, barabarani.

Jeki alikuwa chini ya mkokoteni, mzima. Hakuja. Ikabidi nilale chini mavumbini nimtambalie.

Sasa tuko uani, nimetia komeo. Mejumaa yuko nje na Joy, agonga. Asema mji mzima umeniona. Asema nifungue, gari la kituo limeziba njia. Jeki amenilalia mapajani, aninusa shavu. Lote limelowa, na hapa ninapoandika pamelowa.

"Wifi, wafanya nini humo?"

Nimemwambia nalia. Nimemwambia wangoje.