Pikapu Iliyokataa Kufa Upesi

Gerejini,
Jumatatu mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai Wifi anakusomea haya umeketi barazani na miwani yako myeusi, ukibishana na Kaka kuhusu dawa ya macho. Kaka ameniambia kitambaa kimetolewa jicho la kulia, na kwamba sasa ukinyoosha mkono unahesabu vidole vyako mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia jirani wa duka la matairi, ambaye tumenuniana tangu mwaka jana. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mzito, ndiyo maana ninaandika badala ya kupiga simu. Simu huwa unaikata neno likikuchoma. Barua itakubidi uisikilize hadi mwisho. Wifi, pole kwa kazi hii. Soma polepole, na pale nitakapokuomba usiruke, tafadhali usiruke.

Baba, kila ulipouliza habari za gereji nilikujibu kwamba inakwenda. Haiendi. Imesimama tangu mwezi wa tano baada ya wewe kuondoka.

Unakumbuka redio ilipotangaza ule mpango wa magari kuukuu, ukacheka ukasema serikali itachoka kabla ya magari kuchoka? Haikuchoka. Mtu mwenye gari la zaidi ya miaka kumi na tano, mradi liwe linatembea lenyewe, alilipeleka yadi ya mpango huo na kupewa hati ya kupunguziwa bei ya chombo kipya. Lile la zamani injini yake inauawa, lisije likarudi barabarani kwa mlango wa nyuma. Watu wameupachika mpango jina la Leta Kuukuu, na wameleta kweli. Wateja wetu walitoka mmoja mmoja kama meno ya kizee. Alianza mwalimu wa hesabu, akafuata mwenye teksi ya njano, mwisho hata yule mama wa mikate aliyeapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa kabureta yake. Magari yao mapya hayaji kwetu. Yakiumwa hurudishwa yalikonunuliwa, yakachomekwa waya kwenye kompyuta, na fundi hata mikono haichafuki. Vijana wetu wawili wamehamia kwenye ujenzi. Muuza spea wa mkabala sasa anauza ndoo za plastiki.

Nilivumilia miezi miwili, kisha nikaenda yadi kuomba kazi. Msimamizi aliniuliza najua nini kuhusu injini za zamani. Nikamwambia najua kuzifufua. Akacheka, akasema hapo kwao kazi ni kinyume chake, lakini mkono ni ule ule. Tangu siku hiyo, Baba, binti yako uliyemfundisha kusikiliza injini kabla ya kuigusa ndiye anayeziua.

Inafanyika hivi. Unamwaga oili yote, unatia dawa nzito kama uji mwepesi, unawasha na kukanyaga mafuta. Dawa ikipata moto inageuka kioo ndani ya injini. Inakohoa, inakwaruza, inakaza, basi. Nyingi hazimalizi dakika mbili. Siku ya kwanza niliua sita, na nilipofika nyumbani sikuweza kula, kama niliyetoka msibani.

Wenye magari hupewa nafasi ya kuaga, ingawa haimo kwenye kanuni. Mzee mmoja alilipigia gari lake honi mara tatu, akaenda zake bila kugeuka. Wengine husahau vitu chini ya viti: kiatu cha mtoto ambaye sasa ana watoto wake, barua ya posa, jino la dhahabu. Tunavikusanya katika kisanduku na kuwapigia simu.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nitakwambia pande zote mbili. Kuna mwanamume, muuza mboga, aliyekuwa akija kwenye uzio wa yadi karibu kila wiki. Kwa miaka minne alikuwa akijinyima ili anunue pikapu ya mkono wa pili. Sasa za mkono wa pili zimeadimika, na bei ya zilizobaki imepanda juu ya kichwa chake. Siku moja aliniona nikiiua injini nzima kabisa, iliyokuwa inanguruma kama simba aliyeshiba. Akashika waya za uzio, akaniuliza, “Dada, hii ina ugonjwa gani?” Nikamwambia haina. Akaniuliza tena, kwa upole tu, kama serikali ilimkumbuka mwenye gari bovu, asiye na gari kabisa alikumbukwa na nani? Nikainama, Baba, nikaenda kumwaga oili ya gari lililofuata. Tangu hapo sijamwona tena.

Upande wa pili ni huu. Askari wa barabarani, yule mwanamke mrefu wa pale kwenye mzunguko, ananiambia leso anayojifutia uso hairudi nyumbani nyeusi kwa moshi tena. Na yupo muuguzi wa wodi ya wazazi, mteja wetu wa miaka mingi, mwenye kile kigari cheupe. Siku ya kukileta alilia, nami nikalia naye. Miezi mitatu baadaye alirudi yadi, mkono umefungwa bandeji. Lori lilimgonga ubavuni akitoka zamu. Gari jipya lilikunjamana kama karatasi, mifuko ya hewa ikafumuka, yeye akatoka kwa miguu yake. Alikuja kunishukuru, kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza. Wakati anaongea, mimi nilikuwa nafikiria mkanda wa usalama wa kile kigari chake cha zamani. Ulipokatika, spea ilikuwa haipatikani, tukaufunga kwa waya mimi na wewe, tukasema utashika. Alikwenda hivyo miaka mitano. Baba, sisi tuliita ule ufundi, na ulikuwa ufundi kweli. Lakini usiku ule nilijiuliza ni watu wangapi tuliwafungia maisha yao kwa waya.

Sasa nije kwa Mjomba Brashi. Najua kila mara unamuulizia, nami hukujibu kwamba yupo. Yupo, ndiyo. Hakuna gari la kupaka rangi tangu mwaka jana, lakini kila asubuhi alikuwa akija, anafungua geti, anafagia uwanja mtupu, kisha anakaa juu ya kopo la rangi mpaka jioni. Nilimwambia apumzike nyumbani. Akasema gereji isiyofagiliwa huota majani, na majani huita nyoka, na wewe ukirudi utasema yeye alikuwa wapi. Alikuwa anakonda. Shati lake lilianza kuonekana kama ameazima. Nilipomletea chakula alikifunga nusu, akidai ameshiba, akampelekea mkewe. Mtu aliyesimama nawe miaka thelathini na moja, Baba, tangu sijazaliwa.

Wifi, hapa ndipo pa kutoruka.

Mwezi jana yadi ilibandika tangazo kwamba mpango unafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Hati ilikuwa inakubalika pia kwa pikipiki mpya za mizigo, zile za magurudumu matatu, na kwa hizo mtu hakuongeza kitu. Nilisoma tangazo, nikarudi gerejini, nikaitazama pikapu yako chini ya turubai. Uliniachia kwa maneno mawili tu: haiuzwi, haiazimwi. Ulisema mtazikwa pamoja.

Fomu ilitaka sahihi ya mwenye gari. Wewe ulikuwa hospitali, macho yote mawili yamefungwa, na ningeweza kusema kwamba sikutaka kukusumbua. Si kweli. Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu lako. Niliweka sahihi yako, ile yenye mkia wa kenge niliyoizoea tangu nasoma, nilipokuwa naiweka kwenye ripoti za shule ukiwa safarini. Safari hii haikuwa mchezo wa mtoto. Nilikuibia, Baba. Nimeliandika neno lenyewe ili Wifi asipate taabu ya kutafuta la kulainisha.

Wenzangu walitaka kuiua wao. Niliwakatalia. Kama ni lazima iguswe, itaguswa na mkono ulioufundisha wewe. Nilimwaga oili, nikatia dawa, nikawasha. Dakika mbili zikapita. Nne zikapita. Mwenye kalamu, anayeandika muda wa kila injini, akaacha kuandika. Wengine wakazima mashine zao wakaja kusimama. Msimamizi akaangalia saa yake, akavua kofia. Ilikwenda dakika kumi na moja, Baba. Hakuna injini iliyowahi kufika hata sita pale. Ilipokaza, ilikaza bila kukwaruza, kama mtu anayeketi. Nilibaki na mguu kwenye mafuta, nikashindwa kuutoa mpaka wakanishika mkono. Nakueleza haya ili usije ukaambiwa na mtu kwamba ilikuwa mbovu.

Pikipiki ya mizigo ilitoka wiki iliyofuata. Kadi yake ina jina lako, lakini anayeiendesha ni Mjomba Brashi. Anabebea maseremala milango na vitanda, na maneno ni mengi kama zamani: anawaambia wateja kwamba mlango uliobebwa naye haugongwi na mgeni mbaya. Shati limeanza kumkaa. Mkewe amenitumia salamu ambazo sistahili.

Na hapa kuna uongo wa mwisho, ambao ndio mkubwa. Mjomba asingeipokea kutoka kwangu. Nilimwambia wewe ndiye uliyeagiza. Nilimwambia ulipiga simu kutoka hospitali, ukasema pikapu iende ili yeye apate kazi. Aliingia nyuma ya gereji, akarudi amenawa uso. Tangu siku ile anakutaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo la ibada. Jumamosi hii anafunga safari kuja kukushukuru kwa mdomo wake. Nimejaribu kumzuia kwa visingizio vyote, vya mvua, vya tairi, vya macho yako. Ameshanunua kuku wawili.

Barua hii itafika Alhamisi, kwa hiyo una siku mbili za kunikasirikia kabla ya yeye kufika. Sikuombi udanganye kwa ajili yangu. Ukitaka kumwambia kwamba hukuagiza, ni haki yako, na pikipiki ni yako. Ninachoomba ni kimoja: hasira yote iwe juu yangu, yeye asipate hata tone, kwa sababu hana kosa ila kukuamini.

Nilifikiri kubaki huku mpaka upepo upite. Nimeona huo utakuwa wizi wa pili. Nitakuja naye. Nitakaa nyuma, kwenye mizigo, pamoja na kuku. Atakapokushika mkono na kukwambia ahsante, nitakuwa nimesimama mlangoni, na utakalomjibu, lolote, nitalisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Nisalimie Kaka, nao watoto waambie shangazi yao anawaletea penseli za rangi. Wifi, ahsante kwa sauti yako. Macho yako yapone, Baba, yote mawili, unione ninavyokuja.

Ni mimi binti yako,
Spana