Mdhamini wa Mtende

Abu Luay, ulikuwa wapi? Kazi yako ilikuwa moja tu: mimi nikiutisha mtende kwa shoka, wewe uuombee msamaha na kuudhamini kwamba mwakani utazaa.

Profesa Munqidh kaja na wanafunzi wake wa kilimo, simu juu, waone tunavyoutisha mtende usiozaa. Nimeshawaambia babu yangu alitisha mmoja, ukazaa usiku uleule.

Nikainua shoka. "Huzai, leo nakukata." Nikakungoja. Nikarudia kwa sauti. Kuku tu ndio walionijibu.

Profesa anacheka: "Haya hajji, kata basi. Au ulikuwa unatuchezea?"

Mtende wenyewe ule alioupanda marehemu mke wangu, Um Sajjad. Nikiukata, nimeukata mkono wake. Nikishusha shoka, Basra nzima itanicheka, na mtende hautaniogopa tena.

Nikagusa gome kwa shoka, kidogo tu. Unajua nani alinidaka mkono? Profesa. Profesa mwenyewe: "Uache, hajji, nakuomba. Mwakani utazaa, mimi naudhamini."

Naudhamini, kasema. Wanafunzi wamerekodi.

Sasa ananieleza eti shida ni chumvi kwenye udongo. Nikamwambia, hilo lako, mdhamini ni wewe. Kesho anakuja na darasa zima kuchimba mfereji.

Wewe endelea kulala. Nimepata muombaji mwingine, tena msomi.