Nafasi ya Bibi Kwenye Herufi T

Mtaa wa Mwaka, Tunduma
Jumatano, 19 Juni 2024
Asubuhi: baridi kali na ukungu, foleni ya malori ya mpakani inaonekana taa tu.

Mpendwa Shangazi Justina,

Shikamoo. Hali yako huko Mpika, Zambia, ikoje? Goti limetulia, au bado linakuamsha wakati wa baridi? Mjomba na watoto wanaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama yuko kwangu tangu walipomaliza kuvuna mahindi kule Ileje. Analalamika kwamba Tunduma hakuna kuni zenye moto wa maana, lakini anakula vizuri.

Nimekupigia simu mara nyingi, hupatikani. Moses, yule dereva jirani yangu, anavuka mpaka wa Nakonde kesho alfajiri na atapita kwako. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jambo lenyewe linahitaji utulivu.

Kile kitabu alichokiacha marehemu Baba, cha ukoo wetu na kahawa ya mlimani, nimemaliza kukipanga kwenye kompyuta pale steshenari ninapofanya kazi. Picha zimekaa, sura zimekaa. Nilibakiza faharasa, yaani ile orodha ya mwisho wa kitabu inayomwonyesha msomaji jina fulani liko ukurasa gani. Baba alitaka iwepo ili kila mjukuu afungue nyuma na kumwona mtu wake.

Kazi yake si ngumu ila inataka subira. Unalitia alama kila jina ndani ya maandishi, halafu programu inakusanya kurasa na kuyapanga majina kwa herufi. Mimi nilitaka njia ya mkato, nikaiambia itafute yenyewe. Basi ikamweka Babu Mdogo Aliko karibu kila ukurasa, maana ilichukua na kila "alikozaliwa" na "alikokwenda". Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwache, Aliko alikuwa mzururaji kweli." Nikafuta, nikaanza upya, jina moja moja.

Lakini orodha ilipotoka safi, ndipo nilipoona jambo lililoniondolea raha. Babu Andongwisye yuko kwenye A, Baba, Yesaya, yuko kwenye Y. Bibi hana mahali. Nilimkuta amejipanga kwenye M pamoja na wenzake: mke wa Aliko, mke wa Andongwisye, mke wa Sadock. Juu kidogo yupo tena kama Mama Yesaya. Ruti, ninayefanya naye kazi, akachungulia kioo cha kompyuta akasema, "We Scola, kwenu wanawake wote mnaitwa Mke?" Nilicheka naye, lakini niliporudi nyumbani sikuwa nikicheka.

Ni yeye aliyebeba miche ya kahawa kichwani kutoka ng'ambo ya mto, Shangazi. Ndiye aliyeificha katikati ya migomba Babu alipotaka kuing'oa. Baba ameyaandika yote hayo, lakini jina hakuliandika. Naelewa, mama mzazi haitwi kwa jina. Mimi sikumkuta hai, na msalaba wa kaburini uliliwa na mchwa zamani.

Nikamwuliza Mama. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Unataka nimtaje mkwe wangu? Kwa kinywa hiki?" Nikamwambia basi aandike. "Kuandika nako si kutaja?" Akaendelea kupepeta maharage. Sikumsumbua tena. Ile heshima ameishika tangu alipoolewa, nami sina haki ya kumvunjia.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nasahihisha faharasa mezani, karatasi zimetandazwa. Mama akaja na miwani yake, akasoma herufi T kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole kwenye nafasi iliyo kati ya "trekta" na "Tunduma". Akakiacha hapo, akaniangalia, kisha akaenda kuinjika chai.

Nilikaa nikifikiri jina gani lingeingia pale. Ndipo nikamkumbuka binti yako wa kwanza, Tukuswiga. Tangu utoto wetu Mama humwita "mkwe" tu, hata akimgombeza. Nilidhani ni utani wenu wa mawifi.

Shangazi, je, ulimpa mwanao jina la Bibi? Nakuomba unijibu neno moja, ndiyo au siyo, umpe Moses. Anarudi Jumatatu, na Jumanne kazi inakwenda kwa wachapaji Mbeya. Jina la kubahatisha sitalichapa. Pasipo jibu lako, Bibi atabaki kwenye M.

Ila nimejaribu, ili nione. Kila penye "mke wa Andongwisye" na kila penye "Mama Yesaya", nimeielekeza programu ipeleke kwenye Tukuswiga. Vipande vyake vyote vikaja mstari mmoja, kurasa nyingi kuliko za Babu. Jioni hii nimempa Mama karatasi hiyo. Ameusoma mstari wa Bibi kwa sauti, akaliruka jina, akataja kurasa peke yake, moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayeita watu waingie ndani.

Mama anakusalimu sana, anasema mwaka huu kahawa yako ya kunywa ipo. Nisalimie Mjomba, nisalimie Marta na wanawe, na Tukuswiga umwambie namtafuta. Mungu akulinde, akupe magoti ya kupanda tena mlima wetu.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye daima,
Scola

Mama ameshalala, karatasi ameiweka chini ya mto wake. Saa nne na nusu usiku, nami nalala.