Sauti ya Bata katika Filamu ya Pili

Jumapili, 14 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Shemeji na watoto wote wawili. Natumaini koo linaendelea vizuri, kidonda kimefunga kabisa, na sasa unakunywa chai ya moto bila kukunja uso. Mimi mwili ni mzima. Mafua yaliyozunguka ofisini yalinipita mbali. Kula nakula, kulala ndiko kunakonishinda, na sababu utaikuta humu ndani. Kwa hiyo naomba uisome barua yote kabla hujampa mtu mwingine.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikairudia mezani. Umeniandikia kwamba daktari amekuruhusu kusema na hata kupiga kelele kidogo, na kwamba jioni unajifungia stoo kumfanyia mazoezi Bata, mpaka jirani amegonga ukuta kuuliza mnafuga nini humo. Nilicheka peke yangu. Kisha nikafika pale ulipoandika juu ya tangazo la filamu, kicheko kikaniishia mdomoni.

Kabla sijafika huko, acha nikupe habari za kazi kwa mpangilio, maana nisipozipanga nitakimbilia kujitetea.

Sehemu ya pili ya filamu yetu ya katuni, ile ya wanyama wanaoshindana mbio kwa magari ya mbao wakiteremka mlima, ilitufikia mapema mwaka huu ili tuitie sauti za lugha yetu. Mbuzi bado ndiye dereva, lakini safari hii anavunjika mguu mashindano yakiwa yameanza, na Bata, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na kupiga mayowe, inabidi ashike usukani. Yaani filamu nzima ni Bata. Ofisini kila mtu alisema kaka yako safari hii atatoka jasho. Ile kauli yako ya “Breki tutaweka kesho!” imo tena, tena mara nyingi. Watoto wa mtaani kwangu wanaipigia kelele mpaka leo wakiteremka na baiskeli, na mama zao wamechoka nayo.

Kazi yangu ni ile ile uijuayo: kuyapima maneno yaingie kwenye midomo ya wanyama, mdomo unapofungwa na neno liwe limekwisha. Ili nipime, lazima iwepo sauti ya muda. Yeyote anasoma, na mwenye kazi akifika, ile ya muda inafutwa. Wewe wakati huo ulikuwa wodini. Mwongozaji akaniambia nisome mimi, kwa kuwa maneno nayajua. Nikaingia kwenye kile chumba chenye mablanketi ukutani, nikasogea kwenye kipaza sauti, nikasoma. Unakumbuka tulivyokuwa tukimpigia simu Shangazi, naye ananigombeza mimi kwa makosa yako? Ikawa hivyo hivyo. Fundi sauti, yule tunayemwita Kimya kwa sababu ndilo neno analotupigia kelele kutwa, alisimamisha mitambo akaniuliza nimemficha wapi kaka yangu humo ndani. Mwongozaji alicheka mpaka akavua miwani.

Sitakudanganya, Kaka, kichwa kilinivimba. Miaka yote nimekaa upande wa pili wa kile kioo nikikodolea macho midomo ya wanyama, huku nikikuona wewe ukiwavunja watu mbavu na kuletewa chai hadi mkononi. Siku hiyo aliyeletewa chai ni mimi. Niliinywa polepole ili isiishe.

Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote. Ingefutwa ulipopona, na tungeicheka pamoja.

Sasa nirudi kwenye tangazo. Umeandika kwamba watoto walipolisikia kwenye simu yako walirukaruka wakiita “Baba! Baba!”, na mdogo akabusu skrini akaijaza mate. Umeandika kwamba majirani wamekupongeza, na binti yako mkubwa ameshawaalika wenzake wa darasani waje wamsikilize baba yake filamu ikitoka. Wewe mwenyewe ulishangaa kidogo, kwa sababu hukumbuki kuyasema maneno yale, ukadhani tumechukua mabaki ya filamu ya kwanza tukayaunga. Ukanisifu, ukasema mdogo wangu kwa kuunga hujambo.

Hatukuunga kitu. Ile sauti ni yangu, mwanzo hadi mwisho. Watoto wako waliniita mimi baba, nawe umekaa pembeni yao, mzima, ukiwachekea.

Na hilo si baya kuliko yote. Ungekuwa bado mgonjwa ningesema nilikushikia nafasi. Lakini Shemeji alinipigia simu, furaha imemjaa, akanieleza kwamba daktari amesema baada ya wiki chache utaweza kufanya kazi, na akaniomba nifikishe habari ofisini wakusubiri. Nikamjibu, ndiyo Shemeji, nitawaambia leo leo. Kesho yake asubuhi Mwongozaji alinikuta kwenye korido na kuniuliza hali yako. Nikamwambia koo halijapona, na daktari amekukataza kusema mpaka mwisho wa mwaka.

Hakuna aliyenishika shingo. Wala sikuwa nimelipanga. Ila lilipokwisha kutoka nililiongezea jingine: nikasema hata simu usipigiwe, kwa kuwa utajilazimisha kujibu. Mwongozaji, mama wa watu, alishika kifua, akasema masikini, basi tusimsumbue, na akamkataza kila mtu kukupigia. Kisha akaamua sauti yangu ibaki. Tangu hapo Shemeji kila akiniuliza namwambia ratiba imesogezwa mbele. Umeniandikia kwamba labda ofisi imekusahau, kwamba labda wamepata kijana mwenye koo zima. Hawajakusahau. Wanakuulizia, na anayewajibu ni mimi.

Unajua ninavyoandika shajara yangu kila siku bila kukosa, hata maji yakikatika naandika. Siku ile ya korido niliandika kwamba asubuhi kulikuwa na mvua na mchana jua likatoka. Basi.

Ijumaa nilimfuata Mwongozaji nikamwambia yote. Nilitarajia anifokee, ningeona nafuu. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama Shemeji anajua, nikasema hapana. Akaniuliza kama nakuchukia. Sikuchukii, lakini kusema hivyo mbele yake siku ile kungesikika kama uongo mwingine. Akasema tangazo limeshatoka na halirudishwi, lakini chumba cha kurekodia kitakuwa wazi mpaka mwisho wa mwezi. Ukifika kabla ya hapo, Bata wangu anafutwa kabisa na wewe unaanza upya. Usipotaka kuja, na hakuna atakayekulaumu, itabaki yangu, maana hana tena muda wa kumtafuta mtu mwingine. Akaniagiza nikueleze mwenyewe kwanza, kisha wewe ndiye umpigie.

Nakuomba radhi, Kaka. Ningekupigia simu, lakini sikutaka uisikie sauti hii ikikuomba msamaha. Kuhusu watoto, sijui utawaambia nini. Ukiona ni bora wajue kwamba ni mimi niliyewadanganya, waambie. Ni haki yao. Nimefunga pamoja na barua hii kurasa zote za maneno ya Bata. Palipopigwa mstari mwekundu ndipo mdomo unapofungwa. Pale kwenye kona ya tatu ya mlima Bata anavuta pumzi kabla ya kupiga mayowe, usiwahi.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo lililoniumiza kuliko yote aliyoyasema. Mwongozaji amesema habari yoyote inayokuhusu hataipokea tena kutoka kinywani mwangu. Nikamwambia ni sawa, Kaka atapiga mwenyewe. Akanitazama, akauliza atajuaje kwamba anayepiga ni wewe na si mimi.

Kwa hiyo siku utakayopiga, tafadhali mwambie Shemeji aanze kuongea yeye, kisha akupe simu.

Wasalimie wote nyumbani, na zangu kwa watoto ziwafikie kama utaona zinafaa kufika.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja