Sahihi Zetu Mbili

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila kikohozi changu kimegoma kuhama.

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu mawakili wetu wanatutoza kwa kila neno, na kushtakiana hakujatunyang'anya kalamu. Mota ya mashine ya kusaga aliyotuachia baba imeungua. Wateja wanapita mlangoni na ndoo zao kwenda kwa jirani, tena wananisalimia kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo inayoniuma. Pesa za mota zipo, na zimetokana na mashine yenyewe, lakini hakimu alishasema zikae benki mpaka kesi yetu iishe na zisitoke bila sahihi zetu wote wawili. Fomu hii hapa. Yangu nimeshatia.

Dada yako (mdaiwa)

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako anasema uchemshe tangawizi na uache ubishi.

Mimi nataka mashine iuzwe tugawane, wewe unataka nikuwekee mota mpya! Una mambo wewe. Wakili wangu ameomba mahakamani pesa zifungiwe zizae faida, asiziguse mtu. Sisaini.

Mdogo wako (mdai)

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo? Tangawizi imefanya kazi, lakini usimwambie wifi, atavimba kichwa.

Bila shaka umeambiwa kwamba hakimu amelitupa ombi lako. Amesema pesa ziitunze mali inayogombaniwa, la sivyo tutabaki tunagombania chuma chakavu. Jana nimekaa ndani ya chumba cha mashine. Kimya chake hukijui wewe. Saini, na kama ni kununa, nunia huko huko.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Shika kiti kwanza.

Nimesaini, na benki wamekataa! Meneja amenihoji kama polisi. Anasema sahihi zote mbili ni za mtu mmoja, yaani mimi nimejisainia na kukusainia. Tulipofungua akaunti kila mtu alisaini kwenye tawi la kwao, hakuna aliyeziweka pamoja. Nimeziangalia: kitanzi kile kile, mkia ule ule. Dada, ni sahihi ya baba! Ulijifunza kuiiga ili usimwonyeshe ripoti zako za shule, kisha ukanifundisha mimi kwa malipo ya pipi. Kumbe hatujawahi kujitafutia nyingine.

Nimecheka mpaka wifi yako akaniletea maji. Meneja amempelekea hakimu fomu, na sasa hakimu anatutaka wote tukasaini mbele yake Jumatatu.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo kweli? Mota imefungwa, inanguruma. Nimejaa unga hadi masikioni.

Hakimu alicheka mpaka akavua miwani, hata mawakili walicheka bure siku hiyo. Ila wewe ulisaini ukaondoka bila kuniaga, na nilikuona kwenye ngazi unafuta macho. Nimekukosea nini?

Dada yako

3 Mei

Dada,

Shikamoo. Hujanikosea kitu.

Ulipoinama kusaini ulitoa ncha ya ulimi pembeni, kama baba. Tangu tumzike nimekuwa nikikusoma kwenye karatasi za wakili tu, sikuwa nimekutazama. Nilitaka kuuza kwa sababu siwezi kuisikia mashine ile halafu yeye asitoke mlangoni. Ndiyo hivyo tu. Nimekukumbuka sana, dada.

Nimemwambia wakili aifute kesi. Amenuna yeye sasa. Mashine ni yako, endesha. Lakini kesi ikifutwa, benki watakuruhusu utoe pesa kwa sahihi yako peke yako. Nakuomba usikubali. Waambie akaunti ibaki ya watu wawili. Bila hivyo nitakuja huko kwa sababu gani?

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Akaunti itabaki ya watu wawili, nimeshawaambia.

Lakini wewe njoo hata bila sababu, mjinga wewe.

Dada yako