Kwa Papa Ramazani, Aliyesimamisha Mpira Jua Likiwaka

Papa Ramazani,

Tangu tukuzike, watu wa Kabondo wanakusifu kana kwamba hawakuwahi kukutukana. Walewale waliokuita arbitre mwoga sasa wanakaa mbele ya duka lako la ushonaji na kusema, "Ule papa, hakuna tena kama yeye." Mama Zaina, mjane wako, huwatazama tu, kisha anaendelea kushona. Ndiyo, cherehani yako inafanya kazi. Usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia kwa sababu kamati ya mpira imenipa kazi yako ya arbitre, ya kuamua mechi kwa filimbi. Mimi, Lofemba, golikipa uliyemvua pete kila Jumapili! Nacheka nikikumbuka. Kabla ya mechi ulikuwa ukitembea uwanja mzima peku, ukiokota vipande vya chupa, halafu unapapasa njumu za kila kiatu kwa kiganja, kama mama anayechagua ndizi sokoni. "Mupira iko muchezo tu," ulituambia. "Kila mutu arudi kwabo na miguu yake yote mbili."

Ile fainali dhidi ya Makiso sitaisahau. Commissaire wa zone, mkubwa wa serikali, ameketi mbele na suti yake ya abacost, sisi tunaongoza kwa bao moja. Wazee wetu walikuwa wamemwita fundi wa kufunga mvua, na kweli wingu lilibaki ng'ambo ya mto. Kwetu jua linawaka. Ngurumo ikasikika, mbali. Ukapuliza filimbi, ukachukua mpira kwapani, ukaamuru watu wote waingie katika madarasa ya shule ya jirani. Mimi nilibaki nimeshika mlingoti wa goli, chuma kitupu, nikibisha. Mechi ikirudiwa, bao letu limekwenda na maji. Mashabiki wakakuzunguka: "Mvua tulishaifunga, papa arbitre. Endelesha mupira."

Hukupandisha sauti. "Bon, mvua mulifunga. Radi je, nani aliifunga?"

Ukanishika mkono, ukaniondoa pale. Hata commissaire alitufuata.

Hatujamaliza kubanana kwenye madawati, radi ikapiga goli langu. Hakuna hata tone la mvua. Tulipochungulia dirishani, wavu ulikuwa unafuka moshi na nyasi niliposimama zimeungua. Watu wakaanza kunong'ona kwamba dawa yako inaishinda ya yule fundi. Nawe ulisema, "Mimi sikujua kitu. Nilisikia ngurumo tu."

Miaka yote nikaistaajabia radi ile. Kumbe sikujua cha kustaajabia.

Jumapili iliyopita nilichezesha mechi yangu ya kwanza. Ngurumo ikalia, nikasimamisha, nikawaingiza wote madarasani. Tukangoja, tukangoja. Radi haikupiga. Wingu likapita zake kuelekea Ubundu, na saa za mpira zikawa zimekwisha. Walinitukana mpaka mlangoni kwangu. Mmoja akaniambia, "Weye si Ramazani."

Ni kweli, mimi si wewe. Niliketi nikawaza zile Jumapili zako nyingine, ambazo ulisimamisha mpira na hakuna lililotokea. Zilikuwa nyingi, Papa. Hakuna radi iliyokuja kukutetea. Ulirudi nyumbani na matusi mgongoni, na ngurumo ilipolia tena ukapuliza tena. Moyo ule uliutoa wapi? Nimeikaribia kazi yako kidogo tu na tayari nakuogopa, ile hofu ya mtu anayeinama mbele ya kitu kikubwa.

Pumzika sasa, Papa. Umetuchunga vya kutosha. Nakuahidi hivi: ngurumo ikilia nitapuliza, hata kama bao ni la mwanangu, hata kama aliyeketi mbele ni mkubwa wa namna gani. Watanitukana, najua. Lakini watanitukana wakiwa hai, wote.

Mwanao,
Lofemba