Jaketi la Kurudia

Subukia
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Eucabeth,

Natumai barua hii itakukuta na mjukuu wangu mkiwa wazima. Mimi mwili haujambo, ng'ombe wanakamuliwa, mvua imekatika na kahawa inaomba maji. Masikio yangu na simu hayaelewani tena, kwa hivyo nitakuwa nikikuandikia, na Mbugua wa gari la maziwa atakuletea hapo Lanet. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa miaka tisa ndani ya boma letu haikukutosha kujifunza lugha yetu.

Ni miezi miwili tangu tumzike Kiarie, nami nina swali moja. Wewe unauza mabegi Nakuru mjini. Ulimchagulia mwanangu begi ukalisifu mbele yangu kama mtu anayesifu ng'ombe wa maziwa: lita ishirini na tano, mkanda wa kifuani, mfuko wa kompyuta, Jumatatu la ofisi, Jumamosi la mlima. Ukalipanga kwa mikono yako. Basi ilikuwaje avunjike mguu kule mlima Kipipiri, anyeshewe hadi asubuhi akingoja watu, na asiwe na jaketi wala tochi? Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na moja. Hata wale walijua kubeba sweta.

Jambo lingine. Mkebe wangu wa kifuniko chekundu umepotea tangu matanga. Kama ulichanganyika na vyombo vyako, urudishe.

Salimia wajina wangu.

Mama mkwe wako,
Wangare

*

Lanet
20 Januari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Sisi tuko salama. Wangare mdogo ameanza Grade One na jino la mbele limetoka, anakuonyesha pengo kila nikitaja jina lako. Mgongo wako je? Bado unauma ukiinama kukama?

Umeuliza kuhusu begi, na una haki ya kuuliza. Wateja wakija kibandani huwa nawaambia walete vitu vyao kwanza tuvipange mezani, ndipo tuchague begi. Ukianza na begi, utalinunua kubwa halafu ulijaze takataka. Na Kiarie nilifanya hivyohivyo. Vilivyo laini chini, kizito karibu na mgongo, na kile mtu atakachohitaji kwa haraka kinakaa juu. Asubuhi ile ya Ijumaa, kabla hajaja kulala kwako, nilimwekea sweta, maji lita mbili, karanga, ndizi. Juu kabisa jaketi la mvua, lile la buluu, na pochi nyekundu yenye tochi ya kichwani, filimbi, na lile blanketi la karatasi ya fedha la kuzuia baridi. Niliviweka, Mama.

Mkebe wako sikuuchukua matangani.

Binti yako,
Eucabeth

*

Subukia
2 Machi 2025

Kwa Eucabeth,

Salamu. Mgongo ni wangu, usikusumbue.

Nimekuuliza mwanangu alikufaje, nawe umeniandikia somo la mabegi. Unasema uliviweka. Vilikwenda wapi? Viliota miguu? Polisi walisema hakukuwa na jaketi. Wenzake saba aliopanda nao walisema hakukuwa na jaketi, walimwachia sweta zao mbili wakashuka kuita watu, na ukungu ukafunga njia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiarie alikusifu mno kwa upangaji wako, ukaona hata ukiweka ndizi mbili na maneno matamu, inatosha.

Na usije ukasema vilibaki kwangu. Alilala, ndiyo, lakini asubuhi gari lao lilikuwa likimpigia honi. Alitoka na begi lake mgongoni jinsi alivyokuja nalo. Sikuligusa. Hata chai aliinywea langoni.

Baba wadogo wa Kiarie wameanza kuniuliza kama mwanamke wa namna hiyo ni wa kuachiwa mtoto. Mimi sijawajibu.

Nitumie hilo begi. Polisi walikupa wewe, lakini aliyelibeba nilimzaa mimi.

Mama mkwe wako

*

Lanet
17 Machi 2025

Mama,

Salamu za heri. Tuko wazima.

Nakuomba usiniulize tena kuhusu begi. Mambo mengine nitakutendea: nitakuja kupalilia, nitakuletea mtoto likizo, nitanyamaza ukinisema mbele ya watu. Begi liache kwangu. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti.

Mkazamwana wako,
Eucabeth

*

Subukia
6 Septemba 2025

Kwa Eucabeth,

Natumai mko wazima. Huku tumevuna mahindi, si mengi.

Nilikaa kimya miezi sita nikingoja aibu yako ikomae. Mtoto ulimleta Aprili na Agosti ukamshusha langoni kama mzigo, wewe mwenyewe hukuingia. Mtu asiye na hatia huingia, hunywa chai.

Sasa sikiliza. Tarehe 8 Novemba, mkesha wa mwaka mmoja, ukoo utakaa hapa nyumbani. Mzee Ephantus, ndugu ya marehemu mzee wangu, ndiye atakayeongoza. Imeshakubaliwa kwamba Wangare mdogo ahamie Subukia asome shule niliyofundisha. Wewe ni kijana, utaolewa huko kwenu Kisii, na hakuna atakayekulaumu. Asiyeweza kumpangia mume begi la siku moja hawezi kumpangia mtoto maisha.

Njoo na begi hilo. Nataka lifunguliwe mbele ya wote waone ulivyomtuma mwanangu kufa. Usipolileta, tutajua sababu, na Ephantus atakuja mwenyewe kumchukua mtoto.

Mkebe wangu bado sijauona. Wezi huwa hivyo, huanza na mkebe.

Mama mkwe wako

*

Lanet
20 Oktoba 2025

Mama,

Natumai u mzima. Nataka uwe mzima unaposoma hii, keti.

Mbugua amekuletea begi. Nimelipanga upya, na unajua sasa ninavyopanga. Juu kabisa kuna karatasi. Ni ujumbe wa Kiarie, nimeuchapisha pale kwa sayba, kwenye duka la kompyuta, kwa kuwa simu hutaki. Saa umeiona: saa moja na dakika kumi na mbili, Jumamosi asubuhi, akiwa ndani ya gari lao, lango lako halijafungwa vizuri. Nakuandikia tena hapa usiseme hukuwa na miwani:

"Beb, mum amenitoa jaketi na ile pochi red. Ati nitazirudia Krismasi, ndio nisimsahau. Amejaza githeri ya kulisha jeshi. Sijabishana, unamjua. Jua ni kali, tutakuwa sawa."

Chini ya karatasi, karibu na mgongo pakaapo kizito, utapata mkebe wako wa kifuniko chekundu. Polisi waliukuta ndani ya begi. Ile githeri yako ya mahindi na maharagwe ilikuwa bado nusu. Niliimwaga nikauosha, na siku ile ya mazishi, ulipotaka kujitupa kaburini tukakushika mikono sita, nikaapa kwamba nitazikwa na jambo hili. Nilijua ulikuwa unataka tu arudi. Kila mama hufanya hivyo, hushika kitu kimoja cha mtoto ili asikawie.

Sitakudanganya kwamba nilinyamaza kwa huruma mwaka wote. Huruma iliisha Machi, niliposoma kwamba hukuligusa begi. Tangu hapo nilinyamaza kwa hasira. Nilikuwa nakungoja. Kila ukiniandikia nilisoma mara mbili, nikafurahi ilivyokuwa mbaya, nikaiweka. Barua zako zote tatu ziko humo chini kabisa, mahali pa vitu laini. Njia ya mwongo ni fupi, Mama, na yako imefika.

Novemba 8 lifungue wewe mwenyewe mbele ya Mzee Ephantus, kama ulivyotaka. Au useme mtoto anabaki kwangu, na hakuna atakayefungua chochote. Chagua.

Mjane wa Kiarie,
Eucabeth

*

Subukia
9 Novemba 2025

Mama Wangare,

Jana walikaa. Niliwaambia mtoto ni wako na nisisikie tena neno hilo. Ephantus aliuliza begi liko wapi, nikamwambia hukulileta. Kwa hivyo mbele yao bado ni wewe uliyemwua. Sikuweza kusema lile lingine. Nilifungua mdomo, nikawaambia chai iko tayari.

Nilijua. Usidhani ni karatasi yako iliyonifundisha. Nilijua tangu polisi walipotaja jaketi, nami nikiwa nimeketi mahali ninapoliona. Kila nilipokuandikia nilipata usingizi usiku huo. Usingekuwa wewe, ingebidi niwe mimi, na sikuwa na nguvu hiyo. Nilikuchukia kwa uongo mwaka mzima, na sasa ninakuchukia kwa kweli, kwa sababu ni wewe pekee unayejua. Usinijibu. Usije kupalilia.

Jua lilikuwa limewaka kweli asubuhi ile. Alicheka. Akasema, "Mum, nitarudi hata bila jaketi." Nikamwambia wote husema hivyo.

Pochi nyekundu Mbugua atakupa. Jaketi silitoi. Liko kwenye msumari nyuma ya mlango, pale nilipoliweka.

Likizo ya Desemba mtoto usimlete. Agosti alirudi kwako na kandambili moja, ukafikiri nyingine ameisahau chini ya kitanda. Hakusahau. Niliificha mimi, ili arudi.

Mamake Kiarie